Lenzi ya Tundu Kubwa Yataka Kamera ya Namna Gani?

Ni ada ya wapenzi wa picha, hasa wale walioanza kuonja ladha ya kamera za kipimamasafa, kuanza hesabu yao kwa lenzi: mtu husikia sifa za lenzi za Leica, Noctilux ya f/0.95 au Summilux ya f/1.4, akaziona picha za watu waliopigwa usiku kwa nuru ya taa moja tu, nyuso zao zimetokeza waziwazi ilhali yote yaliyo nyuma yao yamegeuka ukungu mtupu, akaingiwa na tamaa, akaweka akiba, akauza alichonacho, na mwisho wake akainunua ile lenzi. Kisha ndipo aulizapo, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo, aifunge kwenye bodi gani. Mimi naona mpango huo umeanzia mkiani. Lenzi yenye tundu kubwa haina faida ikiwa kamera iliyoibeba haiwezi kutambua kwa yakini kitu kilichokusudiwa kiko umbali gani, na katika kamera za jamii hii uwezo huo haumo ndani ya lenzi hata chembe; umo wote katika bodi, ndani ya madirisha mawili madogo yaliyo kwenye paji lake, na unatawaliwa na hesabu ambayo kila mnunuzi aweza kuifanya mwenyewe kwa kalamu na kipande cha karatasi.

Nambari iandikwayo kwenye ukingo wa lenzi yatokana na kuugawanya urefu wa fokasi kwa upana wa tundu. Kwa hiyo nambari ikipungua tundu huongezeka, na nuru nayo huongezeka kwa mraba, hata ikawa lenzi ya f/1 huingiza nuru mara 4 kuliko ile ya f/2. Walakini nuru hiyo ina malipo yake, nayo hulipwa katika unene wa ile sehemu ya picha inayotoka wazi. Chukua lenzi ya milimita 50, umweke mtu kitini umbali wa mita 1 kutoka ulipo: kwa tundu la f/2 sehemu iliyo wazi, kuanzia mbele hata nyuma, ina unene wa sentimita 4.6 hivi, kwa f/1.4 hupungua ikawa sentimita 3.2, na kwa f/1 husalia sentimita 2.3 tu. Ukizilenga kope za jicho la karibu, sikio limekwisha potea. Na yule mtu akikiinamisha kichwa kidogo kwa kucheka, jicho lenyewe limekwisha toka mahali pake kabla kidole hakijabonyeza. Aliyezoea kupiga kwa f/8 juani hajapata kuijua dhiki hii, kwa sababu tundu dogo husamehe makosa mengi.

Tamaa ya kupiga picha gizani ni ya zamani. Mwaka 1924 kiwanda cha Ernemann cha Dresden, Ujerumani, kilitoa kamera iitwayo Ermanox, nayo ilikuwa na lenzi ya f/2 iliyobuniwa na kijana mmoja, Ludwig Bertele. Na kwa kamera hiyo mpiga picha Erich Salomon aliingia mahakamani na katika mikutano ya mawaziri, akawapiga picha wakubwa wa Ulaya wakipiga miayo na kunong'onezana, bila ya kuwasha ule moto wa magnesia uliokuwa ukiwashtua watu wa siku zile. Lakini Ermanox ilikuwa ya mabamba ya kioo, bamba moja kwa picha moja, na Salomon alilazimika kuukadiria umbali na kuuweka kwenye lenzi kabla ya kupiga, aghalabu kamera ikiwa juu ya miguu yake mitatu. Kilichokuwa kikitafutwa ni kamera ndogo ya mkononi, yenye filamu ndefu, ambayo ingempimia mwenyewe umbali huo papo kwa papo.

Kamera hiyo ilikuja mwaka 1932, tena kwa jozi. Leitz wa Wetzlar, waliokuwa wakiiuza Leica ya fundi wao Oskar Barnack tangu 1925, walitoa Leica II iliyounganisha kipimamasafa na lenzi; na Zeiss Ikon wa Dresden, ambao Ernemann alikuwa amekwisha kuingizwa ndani yao, wakatoa Contax, pamoja na lenzi mpya ya Bertele yule yule, Sonnar ya milimita 50, kwa f/2 na kisha f/1.5. Tangu siku hiyo mashindano ya viwanda hivi viwili yakawa ni mashindano ya mambo mawili kwa pamoja, ukubwa wa tundu na uhodari wa kupima, kwa sababu mafundi wa pande zote mbili walifahamu kwamba la kwanza bila ya la pili ni hasara.

Kipimamasafa chenyewe ni chombo sahili. Mna madirisha mawili yaliyotengana, na kila moja huleta taswira ya kitu kile kile kutoka upande wake. Taswira ya dirisha la pili hupitia kioo kinachozunguka, nacho kimefungamana na mkono wa chuma wenye kigurudumu mwishoni, kigurudumu hicho kikiegemea mgongo wa lenzi. Mpiga picha atazamapo, huona katikati ya dirisha lake kijisanduku kilichong'aa kidogo, chenye rangi ya umanjano katika kamera nyingi, na ndani yake kivuli cha pili cha yule mtu anayemlenga kimekaa kandokando ya mwenyewe. Azungushapo pete ya lenzi, kigurudumu hupanda au hushuka kwa visehemu vya milimita, kioo hupinda, na kivuli hutambaa polepole kumwendea mwenyewe hata pua mbili zikawa pua moja. Pale zinapoungana ndipo lenzi ilipolenga. Mtu asiyeona vyema pua zilipoungana, au ambaye kamera yake haimwonyeshi tofauti baina ya kuungana na kukaribia kuungana, amebahatisha.

Basi uhodari wa chombo hiki wategemea mambo mawili. La kwanza ni msingi wake, yaani masafa yaliyopo baina ya yale madirisha mawili, kwani kadiri yanavyotengana ndivyo pembe baina yao inavyokuwa kubwa na ndivyo kosa dogo linavyoonekana. La pili ni ukuzaji wa dirisha la kutazamia, kwa kuwa taswira iliyodogoshwa huficha makosa na taswira kubwa huyafichua. Ukiuzidisha msingi kwa ukuzaji unapata kile ninachokiita msingi wa kazi, na hiyo ndiyo nambari ya kwanza ya kuiulizia ununuapo kamera ya namna hii, kabla ya kuulizia rangi yake au mwaka wake.

Tena wapo wataalamu waliotufanyia hisani ya kuipima nguvu ya macho yetu. Jicho zima hutambua tofauti ya pembe ya dakika 1 hivi, yaani sehemu 1 ya 60 ya digrii. Na kwa filamu ya milimita 35 ni desturi kuhesabu kwamba nukta iliyotawanyika kwa milimita 0.03 bado huonekana kuwa ni nukta. Ukiziunganisha nambari hizo mbili, kanuni inayotoka ni nyepesi kupita ilivyotarajiwa: chukua urefu wa fokasi ya lenzi, uuzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa nambari ya tundu, kisha ugawanye tena kwa 100, jawabu ni msingi wa kazi mdogo kabisa, kwa milimita, ambao kamera yako yapasa kuwa nao. Umbali wa yule unayempiga haumo katika kanuni hiyo, na wengi hustaajabu waambiwapo hivyo, lakini sababu yake ni kwamba kosa la kipimamasafa na unene wa sehemu iliyo wazi hukua kwa pamoja na kwa kadiri moja umbali unapoongezeka, hata vikafutana.

Tujaribu. Lenzi ya milimita 35 kwa f/1.4 yataka milimita 9 tu, kwa hiyo karibu kila kamera ya kipimamasafa iliyopata kutengenezwa yaiweza. Ya milimita 50 kwa f/1.4 yataka 18, na Noctilux ya f/1 yataka 25. Sasa tazama yanayofuata: lenzi ya milimita 75 kwa f/1.4, ile ambayo Walter Mandler aliibuni na ikatolewa mwaka 1980, yataka milimita 40. Ya milimita 90 kwa f/2 yataka 40 na nusu. Na lenzi ya milimita 135 kwa f/4, ambayo hakuna anayeihesabu kuwa ni lenzi ya usiku, yataka karibu 46, yaani inaitesa kamera kuliko Noctilux yenyewe. Urefu wa fokasi huingia kwa mraba, tundu huingia mara moja tu. Wanaobishana mchana kutwa juu ya f/1 na f/0.95, ambazo tofauti yake katika hesabu hii haifiki milimita 2, wamesahau kwamba kuhama kutoka 50 kwenda 75 ndiko kunakobadili mambo.

Ni lazima niongeze hadhari hapa. Kanuni hii imempa mtu jicho zima, nuru ya kutosha, mkono uliotulia na kamera iliyorekebishwa barabara, vitu ambavyo ni nadra kukutana usiku wa manane katika ukumbi wa harusi. Mwenye busara huzidisha jawabu kwa 2. Akifanya hivyo, Noctilux ya f/1 itamdai milimita 50, na ya 75 itamdai 80, ambazo hakuna kamera ya Leica ya ukoo wa M iliyopata kuzifikia bila ya msaada.

Kwa mizani hiyo na tuzipitie kamera zenyewe. Leica M3 ya mwaka 1954 ina msingi wa milimita 68.5 na ukuzaji wa 0.91, msingi wa kazi ukawa milimita 62, na mpaka leo Leica hawajatoa kamera ya M yenye ukuzaji wa kuzidi huo. Yaliyomo ndani ya dirisha lake yakaribia ukubwa wa vitu vyenyewe, hata mtu aweza kuyafumbua macho yote mawili, moja dirishani na la pili nje, na mistari ya fremu, ile iionyeshayo mipaka ya picha, ikawa imeelea hewani mbele yake. Kwa lenzi za milimita 50, 75 na 90 zenye tundu kubwa, mimi sijui kamera ya filamu iliyo bora kuliko hii, na naona si haki kuiita ya kizamani. Lakini ukuzaji huo una gharama yake: dirisha likikuza sana, uwanja uonekanao hupungua, kwa hiyo M3 haina fremu ya milimita 35, na mwenye kuitaka hulazimika kutumia lenzi iliyovikwa miwani ya kulidogosha dirisha, au kuweka dirisha la nyongeza juu ya kamera.

Leitz walilijua hilo, ndipo mwishoni mwa muongo ule wakatoa M2, ambayo msingi wake ni ule ule lakini ukuzaji ukapunguzwa kuwa 0.72, fremu za 35, 50 na 90 zikaingia, na msingi wa kazi ukashuka hata milimita 49. Kipimo hicho cha 0.72 ndicho kilichorithiwa na M4 na M6 na kikawa kiwango cha nyumba ile kwa miaka mingi. Ni suluhu ya kati kwa kati, yenye kutosha kwa lenzi yoyote ya 50, na kwa 75 na 90 yataka mpiga picha awe na utulivu. Kwa M6 TTL, iliyotolewa mwaka 1998, mnunuzi aliachiwa hatimaye kuchagua mwenyewe: 0.58 kwa wavaa miwani na wapenda lenzi za uwanja mpana, 0.72 kwa watu wote, na 0.85 kwa wenye lenzi ndefu na tundu kubwa, ambayo msingi wake wa kazi ni karibu milimita 59. Yafaa kukumbuka kwamba katika ile ya 0.58, ambayo hesabu yake huishia kwenye 40, kiwanda hakikuiweka fremu ya 135. Hawakuona haya kukiri kwamba kamera hiyo haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Nje ya Wetzlar kuna mengi ya kuchagua, mengine mazuri na mengine ya kumponza mtu. Zeiss Ikon iliyotoka katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii, ikitengenezwa Japani na Cosina, ina msingi mrefu wa milimita 75 na ukuzaji wa 0.74, kwa hiyo hufikia 56 hivi, nayo dirisha lake ni kubwa na jeupe kiasi cha kuwatia wivu wenye Leica; kwa fedha zake naiona kuwa ni chaguo la akili kwa mwenye lenzi za f/1.4. Konica Hexar RF ya 1999 ina 41. Voigtländer Bessa R3A, nayo ni ya Cosina, hukuonyesha vitu kwa ukubwa wao kamili, lakini kwa kuwa madirisha yake yametengana kwa milimita 37 tu, ukuzaji wake wote haukuipandisha juu ya 37. Dada yake R2A huishia kwenye 26. Leica CL ya mwaka 1973, kamera ndogo ya kupendeza mno mkononi, ina 19. Hiyo 19 hutosha kwa lenzi ya milimita 40 kwa f/2 iliyouzwa nayo, na kwa 50 ya f/1.4 hupita kwa tabu. Lakini kuifunga CL nyuma ya lenzi ya 75 ya f/1.4 ni kupima dhahabu kwa mizani ya karafuu. Picha moja katika kumi itatoka, na mwenyewe atailaumu lenzi.

Mkongwe mmoja wa kustahiwa ni Contax II ya 1936, iliyokusanya kutazama na kupima katika dirisha moja wakati Leica bado ilikuwa na vitundu viwili mbalimbali, na ambayo msingi wake ulikaribia milimita 90. Baada ya vita mitambo yake ilichukuliwa na Warusi ikapelekwa Kiev, ambako kamera hizo ziliendelea kutengenezwa kwa jina la mji ule kwa miaka mingi. Msingi wa namna hiyo ni neema, illa kidole cha kati cha mpiga picha kina tabia mbaya ya kulala juu ya dirisha la pili, na mwenye Contax hujifunza upya namna ya kushika.

Wajapani nao waliingia kwa kishindo. Nikon S2 ya mwaka 1954 ilikuwa na dirisha la ukubwa kamili, na mwaka 1956 wakatoa lenzi ya Nikkor ya f/1.1; kisha Canon wakawapita wote mwaka 1961 kwa lenzi ya milimita 50 ya f/0.95, iliyotengenezwa pamoja na Canon 7 na kufungwa kwenye mdomo wa nje ambao kamera za Canon za kabla yake hazikuwa nao. Canon 7 ina msingi wa kazi wa milimita 47, unaotosha kwa hesabu yetu. Lakini ukiitazama lenzi ile ikiwa imefungwa unafahamu mara moja tatizo jingine lisilo la hesabu: ni pana mno, imejaza uso wa kamera, na mtu akichungulia dirishani huikuta imekula pembe ya chini ya kulia ya picha yake. Noctilux nazo zina kosa hilo hilo kwa kadiri yake. Ile ya f/0.95 iliyotolewa mwaka 2008 ina uzani wa gramu 700, ambao wazidi uzani wa bodi nyingi za filamu za M, kwa hiyo kamera huinamia mbele kila unapoiachia. Mkono wa kushoto ndio hubeba kazi yote, na bodi nyepesi kupita kiasi, ambayo dukani ilionekana kuwa ni fadhila, huwa adha.

Yote hayo ni hesabu ya kwenye karatasi, nayo hubatilika mara moja ikiwa kipimamasafa kimekwenda kombo. Kamera iliyodondoshwa miaka 30 iliyopita, ikafunguliwa na fundi asiyekuwa na vyombo, yaweza kuwa M3 safi kwa nje na bado ikakosea kwa sentimita 5 katika umbali wa mita 1. Na kamera ya msingi mfupi iliyorekebishwa vyema itaishinda kila siku. Kwa hiyo anayenunua kilichotumika na ajaribu kabla ya kutoa fedha. Ailekeze kamera kwenye mstari wima ulio mbali sana, nguzo ya taa mwisho wa barabara, mnara wa msikiti, au mlingoti wa chombo kilichotia nanga, lenzi ikiwa imezungushwa hata kikomo chake. Taswira mbili zapaswa kulaliana bila ya ukingo wa rangi upande wowote, wala moja isipande juu ya nyingine. Kisha atandaze gazeti mezani, asimame umbali wa mita 1, aulenge mstari mmoja wa maandishi kwa kuinamia upande, tundu likiwa limefunguliwa lote, na apige. Filamu ikisafishwa, mstari ule ule ndio uwe wazi kuliko yote, si wa juu yake wala wa chini. Jaribio hili na lifanywe kwa lenzi iliyo ngumu kuliko zote atakazozitumia, kwani kamera iliyofaulu kwa 35 haijathibitisha lolote.

Wakati mwingine mkosaji ni lenzi. Zile za ukoo wa Sonnar, kwa jinsi zilivyobuniwa, huhamisha mahali pa kulenga tundu linapobadilishwa, hivyo lenzi iliyorekebishwa kwa f/2.8 itakosea kwa f/1.5, na ikiwa imerekebishwa kwa f/1.5 itakosea kidogo kwa f/2.8. Mwenye lenzi ya namna hiyo huichagua nambari moja, humwagiza fundi airekebishe kwa hiyo, kisha huishi nayo.

Kamera za dijitali zimeizidisha taabu na zimeleta dawa yake. Zimeizidisha kwa kuwa ile milimita 0.03 tuliyoihesabia ilitosha kwa picha ya karatasi ya kiasi, ilhali leo mtu huifungua picha kwenye kompyuta akaikuza hata akahesabu kope moja moja, na makosa ambayo filamu ilikuwa ikiyasitiri yakadhihirika yote; ndiyo maana malalamiko ya vipimamasafa vilivyokwenda kombo yaliongezeka tangu M8 ilipotoka mwaka 2006 na M9 mwaka 2009. Misingi yao haikurefuka: ukuzaji wa M8 ni 0.68, na wa M10 ya 2017 ni 0.73. Dawa ilikuja na ile M iliyotangazwa mwaka 2012, ya kwanza katika ukoo wake kumwonyesha mpiga picha, kwenye kioo cha nyuma au katika dirisha la umeme la kupachika, kile hasa kinachoonwa na lenzi. Kwa Noctilux ya milimita 75 na f/1.25, iliyokuja mwaka 2017 na yenye kudai milimita 45 za msingi kabla hujazidisha kwa 2, mimi sioni aibu kusema kwamba dirisha la umeme ndilo lake, na kwamba mtu akitaka kupiga kwa lenzi hiyo kila siku, kipimamasafa si chombo chake tena. Kwa wale wasiotaka kuachana na dirisha la kioo, kipo kikuzaji cha mara 1.25 au 1.4 cha kupachika machoni pa kamera. Kamera ya 0.72 ikivishwa kile cha 1.25 hupanda kutoka karibu 50 hata 62, ikawa sawa na M3, ijapokuwa pembe za fremu ya 35 hupotea.

Lau ningeulizwa na mtu mwenye lenzi moja ya 50 ya f/1.4 na asiyekusudia nyingine, ningemwambia anunue ile ya 0.72 au Zeiss Ikon, na fedha iliyobaki ampe fundi. Mwenye 35 na ainunue yoyote iliyo nzima, asisumbuke na nambari. Mwenye 75 au 90 na asikubali chini ya 0.85 au M3, hata akibembelezwa vipi na muuzaji.

Limesalia jambo la jua, ambalo waandishi wa Wetzlar na Tokyo hawakuwa na haja ya kulikazia kama tulivyo nayo sisi wa pwani hii. Kwa filamu ya ISO 400, jua la adhuhuri hudai f/16 kwa sehemu 1 ya 400 ya sekunde; ukitaka kupiga kwa f/1.4 juani humo, shata ingelazimika kufungua kwa sehemu 1 ya 51,200, na shata ya M3 huishia 1/1000, ya Zeiss Ikon 1/2000, ya Hexar 1/4000. M11 ya 2022 hufika 1/16000 kwa shata yake ya umeme, nayo bado haitoshi kwa filamu hiyo kama ingeweza kuitia. Njia ni kichujio cha giza kipunguzacho nuru mara 64, na hapa kamera ya kipimamasafa ina fadhila ambayo nyingine hazina, kwa kuwa dirisha lake halipitii kwenye lenzi na hubaki jeupe kama kawaida kichujio kikiwa kimefungwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hakuna kioo kinachoikinga shata. Katika Leica za filamu shata ni pazia la kitambaa kilichotiwa mpira, na lenzi ya f/1.4 iliyofunguliwa, ikiachwa juu ya meza ya baraza imelielekea jua, huikusanya nuru hiyo mahali pamoja na kulitoboa pazia kwa muda mfupi. Pazia la chuma la Canon 7 au la Bessa huvumilia zaidi. Mwenye kamera ya kitambaa na aibane lenzi hata f/16 na kuirudisha kwenye umbali wa karibu kila anapoiweka chini, au aifunike kifuniko, akikumbuka kwamba dirishani kifuniko hakionekani, na kwamba wapo waliomaliza filamu nzima kwa kupiga picha za ndani ya kifuniko chao.